Waulize wa Mlangoni

Gongoni,
6 Novemba 2024

Kahonzi, mjukuu wangu,

Sijambo, wala usianze kuniuliza habari za goti. Goti liko palepale.

Barua hii anakuletea Katana, yule wa lori la chumvi. Simu uliyoninunulia nimempa mama yako. Nimechoka kuongea na mtu anayenijibu "eeh, eeh" huku nasikia vidole vyake vinabonyeza kitu kingine. Wewe kutwa una mtu sikioni, na mimi sitaki kuwa mtu wa sikioni. Barua utaikalia kitako uisome, tena huwezi kunikatia katikati. Ngumbaru sikwenda kuota jua, nilikwenda kujifunza. Mwandiko ukiuona umepinda ujue ni meza.

Nimesikia umepata kazi huko Kilifi mjini, ya kupokea simu za watu wanaotaka gari la wagonjwa. Nimefurahi, halafu nikashangaa. Kahonzi wewe? Wewe ambaye mtu akikusalimu uko jikoni mchicha unaungua? Wewe niliyekuwa nikikutuma chumvi na kiberiti unarudi na chumvi? Mimi umri wako nilikuwa nasonga sima, baba yako yuko kifuani ananyonya, naimba, na huku nasikia kila neno ninalosemwa nyuma ya ukuta. Kichwa changu ni uwanja, wanaingia wote. Chako ni choo, anaingia mmoja, wengine wanangoja nje.

Basi nakufundisha. Chambua kunde, uimbe, na mwenzako akutajie majina ya watu. Ukimaliza kunde uyarudie yote. Fanya hivyo mpaka kichwa kifunguke.

Hapa kwetu, Mwaringa wa Dabaso anaozesha binti yake tarehe kumi na nne mwezi ujao, na kundi letu la kayamba limeitwa. Kuna midomo inasema safari hii ngui awe Pola, yeye ndiye atoe wimbo, mimi nikae na wazee nipige makofi. Pola, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika kayamba isimwage mbegu. Atakayetoa wimbo Dabaso ndiye atakayetoa wimbo kila mahali kuanzia siku hiyo, na hakuna asiyelijua hilo. Mimi sina nia ya kupiga makofi.

Ni mimi hawe wako,
Kavumbi


Kilifi,
10 Novemba 2024

Shikamoo Hawe,

Barua yako nimeikalia kitako kama ulivyoagiza. Katana alisimamisha lori mbele ya nyumba ninayopanga, akapiga honi mpaka mwenye nyumba akatoka na fimbo.

Kazi inaendelea vizuri. Chumba chetu kina ubaridi kama friji, tunakaa kwa mstari, kila mtu na hedifoni yake na kompyuta yake. Wenzangu ni watu wazuri na tunaelewana vizuri. Simu zetu wenyewe tunaziacha kwenye sanduku mlangoni, kwa hiyo barua ni bora. Kunde nimeanza. Kwa kweli mambo ni vizuri.

Ila sielewi jambo moja. Wewe ni ngui tangu baba hajazaliwa. Watu wa kuanzia Marafa mpaka Mida wanakujua kwa sauti kabla hawajakuona. Kwa nini leo wamtake Pola? Kuna kilichotokea?

Mjukuu wako na mke mwenzako,
Kahonzi


Gongoni,
15 Novemba 2024

Kahonzi,

Marahaba. Huo uke wenza usinitajie, babu yako mwenyewe sikumfaidi.

Hakuna kilichotokea. Watu wakimwona mtu mmoja mbele kila mwaka wanachoka na uso wake, basi.

Wanafikiri ungui ni koo. Koo hata mbuzi analo. Nikisimama pale katikati, midomo yangu inaimba na macho yangu yako miguuni mwa wachezaji, nijue nani amechoka na nani ameanza kulewa. Sikio hili Pola ananipa majina ya wageni walioingia sasa hivi, ukoo wao na walikotoka. Sikio la pili mzee wa nyumba ananiambia nani wa kukumbukwa. Nyuma mpishi ananivuta leso, wali uko tayari, au wali bado, niwachezeshe kidogo. Yote hayo nayapanga ndani ya wimbo bila kayamba kusimama. Mgeni akisikia jina lake kwenye wimbo anainuka, anacheza, anatuza. Asipotajwa ananuna, na kwetu mtu akinuna harusini anazikwa na kinyongo chake.

Huyo Pola kazi yake ni kuniletea majina. Mpe na wimbo juu yake uone kama hataita wageni wa harusi ya jirani.

Sasa wewe. Barua yako ina "vizuri" nyingi kuliko ya mtu aliye mzima. Mtu aliye vizuri hulisema mara moja akapita. Nimekulea mimi. Niambie umevunja nini.

Hawe wako,
Kavumbi


Kilifi,
20 Novemba 2024

Shikamoo Hawe,

Umenishika. Wiki ya kwanza tu nilitolewa kwenye kiti, nikawekwa kupanga faili na kuchemsha chai.

Walitupa jaribio. Sikio la kushoto mtu anapiga simu, sikio la kulia dereva wa ambulensi yuko kwenye redio, na mbele yako ramani inageukageuka. Kazi ilikuwa ileile kwa kila mtu. Njoroge, kijana wa bara anayekaa mkabala nami, aliifanya huku anatafuna karanga. Mimi gari la mama mwenye uchungu nililipeleka kwa mtu aliyeumwa na nyoka, na yule wa nyoka nikamwambia avute pumzi asukume taratibu. Namshukuru Mungu waliopiga simu ni wafanyakazi wenzetu wa chumba cha pili. Walicheka nikawasikia kupitia ukuta.

Na kunde hazikusaidia, Hawe. Zilizidisha. Kila nikijaribu kuwa uwanja kama wewe, wote wanaingia na hakuna anayekaa.

Mkufunzi wetu, Bi Monicah, hakucheka. Aliniita pembeni akasema amefundisha watu wengi na hajaona vichwa viwili vinavyofanana. Kuna wa kubeba mengi kwa pamoja, kama Njoroge. Kuna wa kubeba moja, kulitua, ndipo ainue la pili. Wote wanafika, lakini ukilazimisha mwendo wa mwenzako unaanguka. Akanionyesha mwendo wangu. Mtu akisema, namrudishia alichosema: "Ni mama, ana uchungu, mko nyuma ya soko." Akiitika ndiyo, nimelitua. Wa pili namwambia, "Nimekusikia, ngoja," ndipo namgeukia. Jumatatu nitajaribiwa tena. Nikishindwa narudi Gongoni kukokota chumvi.

Nimesema langu, sasa sema lako. Katana ameniambia kuhusu harusi ya mwezi wa tisa na marehemu Mzee Kambi. Labda na wewe, Hawe, ungejaribu kumrudishia Pola anachokuletea kabla hujakiimba.

Usinikasirikie.
Kahonzi


Gongoni,
25 Novemba 2024

Kahonzi,

Mwambie Katana lori limpe mfano. Linabeba chumvi, halisemi imetoka wapi.

Basi kwa kuwa umesikia ya dereva, sikia ya mwenyewe. Siku hiyo Pola alikuwa sikio hili, ananiambia ndugu zake bwana harusi wameingia kutoka Marafa. Mzee alikuwa sikio la pili, ananiambia Kambi, baba yake bwana harusi aliyetutoka mwaka jana, akumbukwe kabla ya chakula. Mpishi naye kanikamata leso. Miaka yote hayo ningeyapanga kwa kupepesa jicho. Siku hiyo yakachanganyika. Nikaimba Kambi kafika, Kambi inuka ucheze.

Kayamba zikanyamaza zenyewe. Mjane wake akaitua sahani chini polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Halafu mzee mmoja akasema mbele ya watu wote kwamba nimeita koma, roho ya mtu, bila kumwaga pombe ya mnazi, na marehemu akiitwa hivyo huja na kinyongo. Ikabidi mnazi utafutwe, umwagwe, waombe. Bwana harusi analia siku ya harusi yake. Mjane alinitazama mpaka naondoka.

Ndiyo hilo. Kichwa changu hakina kasoro. Masikio ndiyo yamezeeka, na masikio si mimi.

Ati nimrudishie Pola. Mimi ni ngui, si gari la wagonjwa. Nisimame katikati ya wimbo niulize "umesemaje", kayamba zifanye nini, zikae kitako zinywe chai? Wewe simu yako inaweza kungoja. Wimbo haungoji mtu.

Nimefurahi yule mama mkufunzi hakucheka. Angekucheka ningepanda lori nije.

Swali moja, na usifikiri nataka kitu. Huyo anayekuitikia ndiyo, lazima awe yuleyule aliyeleta habari? Au anaweza kuwa mwingine, aliyeona kwa macho yake?

Kavumbi


Kilifi,
1 Desemba 2024

Shikamoo Hawe,

Swali lako nilimpelekea Bi Monicah. Alikitua kikombe cha chai akaniuliza huyo bibi yako kasomea wapi. Nikamwambia ngumbaru. Akasema kwetu anayeitika ni aliyeleta habari kwa sababu hatuna mwingine, lakini kama yupo wa kuona kwa macho yake, huyo ni bora kuliko wote.

Hawe, nimerudi kwenye kiti.

Jumatatu nilijaribiwa mbele ya wote. Njoroge bado ananishinda kwa mbio, na atanishinda daima. Lakini magari yangu yote yalifika yalikotumwa, na nyoka hakuzaa. Jioni Njoroge alinigawia karanga zake, nikamwambia nitakula nikishafunga simu.

Na juzi nikapata ya kweli. Mtu alinipigia kutoka njia ya Dabaso, mkewe ana uchungu na pikipiki imezama mchangani. Dereva alikuwa ananiita kwenye redio wakati huohuo. Nikamwambia dereva ngoja, nikamrudishia yule bwana maneno yake, akaitika, nikatuma gari. Mtoto alizaliwa ndani ya gari kabla hawajafika hospitali, na dereva akafungua redio ili nimsikie akilia. Nilimsikia yeye peke yake. Chumba kizima kilikuwa kinaongea na mimi sikusikia kingine.

Harusi ya Mwaringa nitakuwa zamu, sitaweza kuja. Umeamua nini?

Kahonzi


Gongoni,
7 Desemba 2024

Kahonzi,

Habari ya mtoto nimewaambia wote, hata wasioniuliza. Kanisani nilisimama wakati wa matangazo, mchungaji akadhani ni msiba.

Juzi kundi lilikutana kwangu. Niliwaambia mimi ndiye nitakayetoa wimbo Dabaso. Nikikosea jina moja tu, Pola achukue kayamba yangu palepale mbele ya watu, na mimi nitambebea mkoba mpaka nyumbani. Walikubali haraka mno, nikaona. Pola alitazama chini ili nisione meno.

Tangu hapo tunafanya mazoezi nyuma ya nyumba, na wanawake wananiuliza kama nina homa. Sitakuambia ni nini, maana Katana anasoma bahasha kwa kuinusa.

Uniombee. Siombi mara mbili.

Kavumbi


Gongoni,
16 Desemba 2024

Kahonzi, mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Kaa kitako. Kama una kitu jikoni kitoe kwanza.

Tulifika Dabaso asubuhi, boma la Mwaringa limepigwa makuti mapya kila upande na lango limefungwa maua ya asumini. Niliwagawa wanawake wangu. Nusu nikawasimamisha langoni na kayamba zao, pale mgeni anapoingia lazima wamkanyage mguu. Nusu nikabaki nao katikati. Pola akawa na kazi yake ya siku zote, kukimbia na majina. Nikawaambia wa langoni neno moja: mtaitikia mlichokiona, si mlichokisikia.

Nikaanza. Pola akaniletea jina la kwanza, mjomba wa bi harusi. Zamani ningelitangaza. Safari hii niliimba hivi:

Nawauliza wa mlangoni, mjomba kafika?

Na wale kule langoni, kayamba juu, wakanijibu:

Kafika, kafika, tumemuona!

Mzee mmoja wa Mida akamwambia mwenzake, nikamsikia na uzee wangu wote, maskini Kavumbi sasa hata wageni anauliza, macho nayo yamekwenda. Nikamwacha. Jina la pili, kafika, tumemuona. La tatu, waliokaa kwenye mabenchi nao wakageuza shingo kutazama lango, wakaitikia. Ikawa kila mgeni anatajwa mara mbili, mara moja na mimi na mara moja na watu wote. Unajua watu wetu. Waliokuwa wameshaingia na kuketi walitoka kwa mlango wa nyuma wakazunguka waingie upya. Yule mzee wa Mida alizunguka pia, na fimbo yake.

Na mimi, Kahonzi, sikuwa nashika kitu. Pola analeta, ninalirusha langoni, langoni wananirudishia, nimelitua. Mpishi alipokuja kunivuta leso nilimpa kiganja, ngoja. Alingoja. Miaka yote hii sikujua kumbe mpishi anaweza kungoja.

Jua lilipokuwa utosini Pola akaja mbio, kavutwa na watu kila upande, ananiambia Gladys wa Shella, shangazi ya bwana harusi, ameingia na godoro la zawadi. Nikaimba, nawauliza wa mlangoni, Gladys kafika?

Wakatazama njia. Halafu wakajibu kwa sauti ileile ya wimbo, wala hatukuifanyia mazoezi:

Godoro kafika, mwenyewe hatujamuona!

Watu walicheka mpaka mtungi ukapinduka. Kumbe Gladys alitanguliza godoro kwa pikipiki, mwenyewe bado yuko njiani. Nilimwona Pola uso umemsawijika. Angekuwa ngui siku hiyo, angemwinua mtu asiyekuwepo, kama mimi mwezi wa tisa. Ningeweza kumtazama tu, watu wakajua ni nani. Sikumtazama. Niliimba, basi fagieni njia, tumngoje. Na Gladys alipotokea, mnene, kajifunga leso mbili, hajui lolote, boma zima lilisimama likamwimbia kafika, kafika. Alilia. Alidhani anapendwa hivyo siku zote.

Sasa sikiliza hili.

Mama wa bi harusi ni ndugu yake mjane wa Kambi. Sikujua. Wazee walikuwa wamemaliza kumwaga mnazi kwa ajili ya waliotangulia, na tulikuwa tunakaribia chakula, nikamwona mjane anakatiza uwanja kuja kwangu, na kila aliyekuwa kwenye harusi ya mwezi wa tisa akageuza shingo. Goti langu, lile ambalo sitaki uliulize, nikalikaza nisirudi nyuma. Nilijua kayamba inakwenda. Akasimama mbele yangu.

"Kavumbi," akasema, "ulimwita vibaya. Mwite vizuri."

Pola alikuwa kando yangu. Alinong'ona, "Mama, usithubutu."

Nikainua kayamba. Nikaimba, polepole, nawauliza wa mlangoni, Kambi kafika?

Wanawake wa langoni wakatazamana. Nilikuwa nimewaapisha waitikie wanachokiona tu, na walichokiona ni njia tupu na kuku. Hakuna aliyefungua mdomo. Mimi kayamba iko juu, siwezi kuishusha, siwezi kuipiga. Kichwani mwangu, uwanja wote, alikuwa amesimama mtu mmoja tu, yule mjane.

Ndipo yeye mwenyewe akaitikia, peke yake, sauti imekauka kama kuti:

Kafika, kafika, tumemuona.

Wa langoni wakaipokea, mabenchi yakaipokea, na nakuambia Mida yote ilisikia. Yule mama akavua viatu akacheza. Mwanawe, yule aliyelia siku ya harusi yake, akaja akamtuza mama yake na akanituza mimi. Tulicheza mpaka wali ukapoa na mpishi akaja kucheza na mwiko.

Jioni Mwaringa alisimama akasema binti zake wawili waliobaki hawataolewa bila Kavumbi. Mmoja yuko darasa la sita. Nikamwambia nitakuwepo.

Na mkoba umebebwa, ila ni wangu, na aliyeubeba ni Pola. Sikumwomba. Njiani akaniuliza nitamfundisha lini. Nikamwambia kwanza atazame ana kichwa cha namna gani, ndipo tujue tunafundisha nini. Kauliza nimeyatoa wapi hayo. Nimemwambia nimeyatoa kichwani mwangu.

Wala usifikiri nimejifunza kwako. Wewe unaitikiwa na mtu mmoja, mimi nimeitikiwa na harusi nzima. Lakini Katana amebeba mfuko wa maembe mabichi, na ndani kuna leso niliyotuzwa na mjane wa Kambi. Hiyo ni yako. Yule mama mkufunzi mpe embe.

Ukija Krismasi utapika wewe, mimi nimezeeka. Nitakusalimu ukiwa jikoni, maana siwezi kukaa kimya nyumbani kwangu. Usinijibu. Toa mchicha motoni kwanza, ufunike, unawe mikono, ndipo unijibu.

Nitangoja.

Hawe wako,
Kavumbi, ngui